Swali Moja, Kura Mbili: Mwongozo Kamili wa Kulifanya Darasa Kubwa Lifikiri

Hakuna swali linaloulizwa madarasani mara nyingi kama "Mmeelewa?", na jibu lake ni lile lile siku zote: "Ndiyo, mwalimu." Jibu hilo halimpi mwalimu habari yoyote. Aliyeelewa anaitika. Asiyeelewa naye anaitika, asije akaonekana mzito. Yule anayedhani ameelewa kumbe sivyo anaitika kwa sauti kuliko wote. Wiki kadhaa baadaye mtihani unaleta habari ambayo ilipaswa kujulikana siku ile ile, chaki ikiwa bado mkononi.

Mwongozo huu unahusu mbinu moja tu ya kuziba pengo hilo. Mwalimu anasimamisha somo, anauliza swali moja lenye majibu ya kuchagua, kila mwanafunzi anapiga kura peke yake, kisha wanajadiliana wawili wawili na kupiga kura tena. Ukitaja ubunifu katika ufundishaji, wengi wanawaza kompyuta, vishikwambi na mbao za kielektroniki. Vifaa hivyo vina nafasi yake. Hata hivyo, naamini ubunifu unaolipa zaidi ni ule unaomlazimisha kila mwanafunzi kufikiri ndani ya kipindi na kumwonyesha mwalimu alichofikiri. Kwa hilo, swali zuri na vidole vya mkono vinatosha.

Mbinu ilikotoka

Aliyeieneza zaidi ni Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Alianza kufundisha pale mwaka 1984, na kwa miaka kadhaa kila dalili ilionyesha kwamba anafanya kazi nzuri: wanafunzi walimsifu na mitihani waliifaulu. Kisha akasoma tafiti za Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, zilizoonyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza kozi ya fizikia wakiwa na dhana potofu zile zile kuhusu nguvu na mwendo walizoingia nazo. Aliamini kwamba wanafunzi wake hawako hivyo, akawapa jaribio. Wakaanguka. Vijana waliokuwa wakikokotoa hesabu ndefu bila shida walishindwa maswali mepesi ya maneno, yasiyo na tarakimu hata moja.

Mwaka 1991 akaanza kukatisha mihadhara yake kwa maswali na mijadala ya wawili wawili. Katika mwaka huo wa kwanza, maendeleo ya wanafunzi kwenye jaribio la dhana yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya mwaka uliotangulia, kozi ikiwa ile ile. Tangu hapo ushahidi wa jumla umerundikana. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mhadhara mtupu na ufundishaji unaomshughulisha mwanafunzi, katika sayansi, uhandisi na hisabati za vyuo vikuu. Walioanguka kwenye mihadhara walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na kwenye madarasa shirikishi asilimia 21.8. Tafiti hizo ni za vyuo, lakini kiini cha mbinu hakibagui umri: ukimtaka mtu aseme anachoamini na akitetee, anagundua mwenyewe mahali ambapo hajaelewa.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali wanapokwama

Usianze na mada nzima. "Desimali" ni mada, "mimea" ni mada, na mada haipigiwi kura. Chukua andalio lako la somo, tafuta sentensi moja ambayo mwanafunzi asipoielewa, yote yanayofuata yatakuwa kukariri. Kwa kawaida ni moja au mbili katika kipindi kizima.

Pa kuitafutia ni kwenye daftari zilizokwisha kusahihishwa. Pitia makosa, si alama. Kosa linalorudiwa na wanafunzi wengi kwa namna ile ile halitokani na uzembe. Lina mantiki ndani yake, na mantiki hiyo ndiyo unayoitafuta. Liandike kama vile anayelifanya angelieleza: "Namba yenye tarakimu nyingi ni kubwa zaidi." "Mti hupata mwili wake kutoka ardhini." "Kuna majira ya baridi kwa sababu dunia imesogea mbali na jua." Ukishakuwa na sentensi za namna hiyo, nusu ya kazi ya kutunga swali imekwisha.

Hatua ya pili: tunga swali

Hapa ndipo mbinu nzima inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Swali la mtihani linapanga watu: nani kapata, nani kakosa. Swali la kura lina kazi nyingine. Linatakiwa kuligawa darasa kwa kufuata jinsi watu wanavyofikiri, ili kila jibu lisilo sahihi likuonyeshe dhana potofu fulani. Kila kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi linaloweza kumnasa mtu, kiwe na mtu halisi wa kukitetea. Kipotoshi kisichochaguliwa na yeyote kinapoteza nafasi, na majibu ya mzaha yanaua mjadala kabla haujaanza.

Tazama mfano wa desimali. Mwalimu anauliza ipi ni kubwa kati ya 0.6, 0.45 na 0.308. Linaonekana swali zuri. Anayeamini kwamba tarakimu nyingi ndiyo ukubwa atachagua 0.308, na kosa lake litaonekana. Lakini kuna kundi la pili ambalo walimu wengi hawalijui: wanafunzi wanaoamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa, kwa kuwa sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya elfu. Hao watachagua 0.6, wapate vema, na dhana yao potofu itoke darasani ikiwa imepewa baraka ya mwalimu. Badilisha namba: 0.5, 0.63 na 0.608. Sasa mwenye imani ya urefu anachagua 0.608, mwenye imani ya ufupi anachagua 0.5, na anayelinganisha thamani za nafasi peke yake ndiye anayefika 0.63. Kila kura sasa inakueleza jambo. Ukimaliza kutunga swali lolote jiulize hivi: je, mtu anaweza kupata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi? Kama anaweza, rudi ukalitengeneze.

Mfano wa pili ni wa baiolojia, na nakiri kwamba naupenda kuliko yote. Mbegu ndogo imekua ikawa mti wenye uzito wa mamia ya kilo. Ukiondoa maji yaliyomo, sehemu kubwa ya uzito wa mbao zake imetoka wapi? A, kwenye udongo. B, kwenye maji. C, kwenye hewa. D, kwenye mwanga wa jua. Jibu ni hewa: kaboni na oksijeni zinazounda mbao hutoka hasa kwenye kabonidioksaidi. Mwanafunzi aliyekariri mlinganyo wa usanisinuru neno kwa neno anaweza kabisa kuchagua udongo, kwa sababu hajawahi kutakiwa kuunganisha mlinganyo ule na gogo linaloshikika kwa mkono. Anayechagua jua naye ana lake: anadhani nishati ndiyo iliyogeuka kuwa mbao.

Swali lisihitaji hesabu ndefu. Mwanafunzi akitumia dakika tatu kuzidisha na kugawanya, utakuwa umepima uvumilivu wake badala ya uelewa. Lisome mwenyewe kwa sauti. Ukilazimika kulirudia ili lieleweke, lifupishe. Na kila unapoweza, uliza kabla ya kutoa kanuni, au uliza jambo ambalo halikutajwa kwenye mfano uliofanya ubaoni. La sivyo wanafunzi watanakili mfano, nawe utadhani wameelewa.

Kwa masomo yasiyo ya sayansi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia sehemu zenye jibu moja sahihi, kama sarufi. Katika sentensi "Mwalimu alimnunulia mtoto daftari", shamirisho kitondo ni lipi: mwalimu, mtoto, au daftari? Wengi hukimbilia daftari kwa kuwa ndilo lililonunuliwa, nalo ni kipozi, yaani kile kilichotendwa moja kwa moja. Anayesema mtoto atalazimika kueleza kwamba kitondo ni yule aliyefanyiwa, na katika kueleza huko atakumbuka kazi ya "m" na ya kauli ya kutendea bila kuhubiriwa. Njia ya pili inafaa historia na fasihi: toa majibu manne ambayo yote yanaweza kutetewa, uulize lipi lina ushahidi wenye nguvu zaidi katika andiko lililo mbele yao. Hapo kura ya pili haitafuti ushindi. Unachosikiliza ni ubora wa ushahidi, na uwaambie hivyo tangu mwanzo, la sivyo watasubiri jibu sahihi ambalo halipo.

Hatua ya tatu: amua watakavyopiga kura

Vidole vinatosha. Kimoja ni A, viwili B, vitatu C, vinne D. Vinashikwa kifuani, si juu ya kichwa, ili aliye nyuma asimwige aliye mbele. Kura zote zitoke kwa wakati mmoja, kwa ishara yako: "Moja, mbili, tatu, onyesheni." Ishara hii ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, bila hiyo wanafunzi wawili watatu wanaosifika kwa akili wanaonyesha kwanza, na darasa lote linawafuata.

Ukitaka kuona vizuri zaidi katika chumba kikubwa, kila mwanafunzi akunje karatasi mara mbili apate sehemu nne na aandike herufi moja kubwa kila upande. Karatasi hiyo itunzwe ndani ya daftari muhula mzima. Simu na mitambo ya kura ina faida moja ya kweli, nayo ni kumbukumbu: matokeo yanahifadhiwa bila wewe kuandika. Kwa kujifunza kwenyewe, herufi ya karatasi inafanya kazi ile ile. Kama darasani kuna mwanafunzi asiyeona, soma swali na majibu yote kwa sauti kila mara, na yale ya michoro yaeleze kwa maneno. Hilo huwasaidia na wengine wengi wanaoona.

Hatua ya nne: liendeshe darasani

Panga dakika saba hadi kumi kwa swali moja. Katika kipindi cha dakika 40, maswali mawili yanatosha. Matatu ni mengi.

Weka swali ubaoni, lisome mara moja, kisha nyamaza. Kunyamaza huku ni kazi ngumu kwa sisi walimu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi nchini Marekani miaka ya 1970, aligundua kwamba kwa wastani mwalimu husubiri takriban sekunde moja baada ya kuuliza kabla ya kumtaja mtu, kurudia swali au kujijibu mwenyewe. Walimu walipojizoesha kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijibu, na walioshindwa kujibu wakapungua. Kwa swali la kura toa dakika moja nzima. Usitembee, usifafanue, usitoe kidokezo. Kila mmoja aandike daftarini herufi aliyochagua na sababu ya mstari mmoja. Kuandika kunamfunga na uamuzi wake. Asiyeandika atasema baadaye kwamba alikuwa akiwaza hivyo hivyo.

Kura ya kwanza ipigwe kimya. Pitisha macho haraka na ukadirie: waliopata ni wachache, ni kiasi, au ni wengi? Huhitaji kuhesabu kila kidole. Kipimo kinachotumiwa sana na wafuasi wa mbinu hii ni asilimia 30 na asilimia 70. Katika darasa la wanafunzi 60, hiyo ni 18 na 42.

Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, usiwapeleke kwenye mjadala. Hakuna sauti za kutosha zenye hoja sahihi, na mazungumzo yatalizamisha darasa zaidi. Rudi kwenye dhana, ieleze kwa njia tofauti na ile ya mwanzo, kisha urudie kura. Wakiwa zaidi ya asilimia 70, mpe mmoja nafasi ya kueleza, ongeza lako kwa ufupi, songa mbele. Eneo la katikati ndilo lenye mali. Hapo sema: "Mtafute jirani mwenye jibu tofauti na lako. Mweleze kwa nini unaamini lako, kisha umsikilize."

Kuna jambo moja la kulinda kwa nguvu zote hapa: usitangaze matokeo ya kura ya kwanza kabla ya mjadala. Usiseme "naona wengi mmechagua B", wala usikunje uso. Wanafunzi ni hodari sana wa kumsoma mwalimu. Wakijua upande wenye watu wengi watahamia huko bila kufikiri, na kura ya pili itapima utiifu.

Mjadala uchukue dakika mbili hadi nne. Kelele zitapanda, na hizo ni kelele za kazi. Wewe tembea kati ya madawati ukisikiliza, mdomo umefungwa. Unakusanya vitu viwili: hoja potofu zinavyosemwa na wanafunzi wenyewe, na maelezo mazuri utakayomwomba mwenyewe ayarudie mbele ya wote. Mara nyingi mwanafunzi aliyeelewa jambo jana anamweleza mwenzake vizuri kuliko mwalimu aliyelielewa miaka mingi iliyopita, kwa kuwa bado anakumbuka pale palipomtatiza. Wakianza kuzungumzia mambo mengine, muda umekwisha.

Wengi wanauliza: je, mjadala huu si njia tu ya wasiojua kunakili kwa wanaojua? Michelle Smith na wenzake walilijaribu swali hilo katika Chuo Kikuu cha Colorado na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Baada ya mjadala waliwapa wanafunzi swali la pili lenye dhana ile ile katika sura mpya, wakalijibu peke yao. Waliobadilika baada ya kujadiliana walilijibu vizuri, na maendeleo yalionekana hata katika makundi ambayo huenda hakuna aliyekuwa na jibu sahihi tangu mwanzo. Watu wawili wanaopingana, hata kama wote wamekosea, wanaweza kufikishana mahali pazuri, mradi wote wawili wanatoa sababu.

Sasa piga kura ya pili, kwa ishara ile ile. Kisha, kabla ya kutaja jibu, waite watu wa pande tofauti waeleze. Anza na jibu lisilo sahihi: "Nani anaweza kutueleza kwa nini mtu mwenye akili zake angechagua A?" Ukiuliza namna hiyo humuumbui yeyote, kwa sababu anayejibu anatetea wazo, na wazo hilo linaweza kuwa la mtu yeyote.

Mwisho ni maelezo yako. Usiyaache kamwe, hata kama kura ya pili imefika asilimia 95. Taja jibu, taja sababu, na taja kila kipotoshi kinaponasa watu. Kwa swali la mti, hapa ndipo pa kumtaja Jan Baptist van Helmont, aliyepanda mti ndani ya chombo cha udongo uliopimwa uzito katika karne ya 17. Baada ya miaka mitano ya kuumwagilia maji tu, mti uliongezeka takriban kilo 74, na udongo ukapungua gramu zisizofika 60. Aliona wazi kwamba si udongo, akahitimisha kwamba ni maji. Waambie waliochagua B kwamba wako pamoja na mmoja wa wanasayansi hodari wa zama zake, kisha waonyeshe alichokosa. Kwa swali linalotokana na ile dhana ya majira ya baridi, ukweli mmoja unatosha: dunia hulikaribia jua kuliko wakati wowote mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali kuliko wakati wote, kilomita milioni 152 hivi. Januari hiyo hiyo, nusu ya kaskazini ya dunia iko kwenye baridi kali. Iache sentensi hiyo ielee kidogo kabla ya kuanza kueleza mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao ndio unaoleta majira.

Yatakayokusumbua

Wiki za kwanza mjadala utakuwa mkavu. Wanafunzi waliozoea kunyamaza hawawi wasemaji kwa amri moja. Wafundishe sentensi za kuanzia: "Mimi nimechagua hii kwa sababu…", "Sikubaliani na sehemu hii…", "Hebu nieleze ulifikaje hapo." Ziandike pembeni mwa ubao mpaka zizoeleke.

Mwenye nguvu atamtawala mnyonge. Weka kanuni kwamba anayeanza kusema ni yule ambaye hakuanza mara iliyopita, na badilisha jozi kila baada ya wiki mbili. Kwa mwanafunzi anayeogopa kabisa, ile sentensi aliyoandika daftarini inamtosha kwa siku za mwanzo, aisome tu.

Kura zisipewe alama. Ukitoa alama kwa jibu sahihi, wanafunzi watatafuta jibu badala ya sababu, na kura ya kwanza itaacha kuwa ya kweli. Kwangu hili halina mjadala. Mbinu yote inategemea mtu kuweza kukosea mbele ya wenzake na kutoka salama, na mwanafunzi mmoja akichekwa, kura za wiki nzima zitakuwa za woga. Ukisikia kicheko, simamisha kila kitu ulishughulikie hapo hapo.

Baadhi watalalamika kwamba hufundishi, na malalamiko haya yana chanzo kinachojulikana. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa fizikia katika vipindi vya mhadhara uliopangika vizuri na vipindi shirikishi, yaliyofundishwa yakiwa yale yale. Wa vipindi shirikishi walijifunza zaidi, lakini wakahisi wamejifunza kidogo. Maelezo laini humfanya msikilizaji ajione ameelewa, na kuhangaika na swali humfanya ajione hajui, hata anapopiga hatua. Waeleze wanafunzi jambo hili mapema. Kama wazazi au mkuu wa shule wanauliza, waeleze nao vile vile, na uwakaribishe waketi nyuma ya darasa waone kura mbili kwa macho yao.

Halafu kuna mtaala. "Sitamaliza silabasi" ni hofu ya haki kabisa, maana mtihani hausubiri. Utapoteza dakika, na lazima uamue zitoke wapi. Zitoe kwenye kunakilisha: maelezo ambayo wanafunzi wanaweza kuyasoma kitabuni usiyaandike ubaoni. Wape kurasa mbili za kusoma kabla ya kipindi na maswali mawili mepesi ya kuthibitisha kwamba wamesoma. Pale ambapo vitabu ni vichache, wasome kwa zamu katika makundi asubuhi. Na si kila kipindi kinahitaji kura. Kipindi cha mazoezi ya ukokotoaji au cha kazi ya maabara kiache kiende kwa njia yake.

Hatua ya tano: lirudishe swali

Swali lililopigiwa kura leo lina kazi nyingine wiki ijayo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha mwaka 2006 kwamba kujikumbusha kunahifadhi maarifa kuliko kusoma tena. Waliosoma andiko kwa vipindi vinne walikumbuka takriban asilimia 40 baada ya wiki moja. Wale waliosoma kipindi kimoja na kutumia vitatu kujikumbusha bila kuangalia walifika asilimia 61. Kilicho muhimu kwa mwalimu ni kwamba walipopimwa dakika tano tu baadaye, waliosoma tena na tena ndio waliokuwa mbele. Ukipima siku hiyo hiyo utadanganyika.

Basi fungua kipindi cha wiki ijayo kwa dhana ile ile katika sura mpya. Badala ya mti, uliza kuhusu mtu aliyepunguza kilo kumi za mafuta mwilini: mafuta hayo yamekwenda wapi? Sehemu kubwa imetoka kwa pumzi, ikiwa kabonidioksaidi, na sehemu iliyobaki imetoka ikiwa maji. Aliyeuelewa mti ataanza kutabasamu. Aliyeukariri atajikuta tena mwanzo, nawe utamwona.

Hatua ya sita: jenga hazina

Kila swali liandike kwenye kadi au ukurasa wake: swali lenyewe, dhana potofu iliyo nyuma ya kila kipotoshi, makadirio ya kura ya kwanza na ya pili, na sentensi moja nzuri uliyoisikia kwa mwanafunzi. Sentensi hiyo usiidharau, kwa sababu mwakani ndiyo utakayoitumia kueleza. Swali ambalo kura yake ya kwanza inazidi asilimia 70 katika madarasa mawili tofauti litoe kwenye mjadala, liwe zoezi la kufungulia kipindi. Lile ambalo kura ya pili inashuka kuliko ya kwanza lichunguze maneno yake kwanza. Mara nyingi lina neno lenye maana mbili.

Anza na swali moja kwa wiki, katika darasa unalolifahamu vizuri zaidi, kwa muhula mmoja. Mtafute mwalimu mwenzako wa somo lako, hata wa shule nyingine, mbadilishane kadi. Anayepokea swali asitafute jibu sahihi. Ajaribu kumtetea kwa dhati mwanafunzi aliyechagua kila kipotoshi, na pale anapokosa la kusema, kipotoshi hicho kibadilishwe kabla swali halijafika ubaoni.